Mdomo wa Diski ya Kupamba

Nyumbani kwetu tunapiga picha na video za harusi za wanawake. Mwenye kazi ni mama mdogo, aliyenilea tangu mamangu alipoolewa mara ya pili. Kamera ni yake, wateja ni wake, na yeye ndiye mwenye sauti ya kumwambia bibi harusi ainue kidevu na shangazi yake asogee kando. Mimi hubaki chumba cha ndani na kompyuta. Niliishia darasa la nane, na tangu utotoni naona haya kusema mbele za watu, kwa hivyo kazi ya kukaa peke yangu na kuunganisha picha za watu wengine wakicheka ilinifaa. Naifanya polepole sana. Mama mdogo hunitania kuwa nikipewa harusi leo, bibi harusi atazaa na kumwachisha mtoto ziwa kabla sijaimaliza.

Siku ya kupamba ni karamu ya wanawake peke yao. Bibi harusi huketishwa juu, mbele ya watu, nywele zimefunguliwa na kutiwa asumini, hina na piko nyeusi zimepanda mpaka kwenye viwiko. Wageni nao wakishaingia ukumbini huvua mabuibui, na chini yake huwa wamevaa nguo ambazo ndugu zao wa kiume hawajawahi kuziona. Mlangoni husimama mwanamke mwenye kikapu, na kila anayeingia huacha simu yake humo. Kamera ni moja tu, ya mama mdogo. Kabla hajaiwasha humwambia mama wa bibi harusi maneno yale yale, mkono wake ukiwa kifuani: "Picha hizi, tangu zinapopigwa mpaka zinapofika mkononi mwako, hazitaonwa na jicho la mwanamume." Wako wenye kamera nzuri kuliko yetu. Watu huja kwetu kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa niseme kuhusu waya, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Kila chombo chetu kina mdomo wake. Kamera ina mdomo mdogo wenye mabega. Mashine ya kuchapisha ina mdomo wa mraba. Simu ya mama mdogo ina wake, na yangu ina wa namna nyingine, na hakuna waya hata mmoja unaokubali mdomo wa mwenzake. Tulikuwa nazo zote katika kopo la biskuti, zimesokotana, na ukivuta mmoja hutoka nne. Halafu kuna kile kichwa bapa kinachoingia kwenye kompyuta. Ukikiingiza hakiingii. Unakigeuza, hakiingii. Unakigeuza tena kama kilivyokuwa mwanzo, kinaingia. Kwa muda mrefu niliamini kuwa ni ujinga wangu, kwamba waliosoma wana siri yao. Siku moja alikuja kwetu binamu yangu aliye chuo kikuu, akataka kuchaji simu yake kwenye kompyuta, nikamtazama kwa pembe ya jicho. Alikigeuza mara tatu. Nilifurahi siku nzima.

Lakini mbaya kuliko yote ulikuwa mdomo wa diski. Diski ni kile kisanduku kidogo, ukubwa wa msahafu mdogo, ambamo tunatunza harusi zote. Mdomo wake ni mpana na mwembamba kama ufa wa ukuta, umegawanyika sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo, na ndani una ulimi mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Kichwa cha waya wake ni cheusi, juu na chini karibu sawasawa. Chumba cha ndani hakina dirisha, kwa kuwa nyumba ya jirani imetushikana ukuta kwa ukuta, na taa ni moja. Kwa hivyo nilichukua rangi ya kucha nyekundu, nikatia nukta kwenye kichwa cha waya, upande unaotakiwa kutazama juu. Tangu hapo sikuhangaika tena. Nilipapasa nukta kwa kidole gumba, nikasukuma, kikaingia.

Na mama mdogo naye akafanya lake. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na kuta hudondosha unga wa chokaa usiku na mchana. Aliogopa unga ule usiingie kwenye diski, akaishonea nguo. Alikata kipande cha leso iliyochakaa, akakishona kikaikaza diski pande zote, ikabaki wazi hapo kwenye mdomo tu. Ilipendeza. Tulipokuwa tukimaliza kazi tulisema tunakwenda kuilaza.

Harusi ninayoielezea ilikuwa ya mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka yetu. Mama yake bibi harusi ni rafiki wa mama mdogo tangu chuoni, walikokuwa wakisoma Kurani pamoja wakiwa watoto. Nyanya yake bibi harusi, yaani mama wa huyo rafiki, alikuwa hatembei kwa miaka miwili. Siku ya kupamba wanawake wanne walimbeba juu ya kiti wakamwingiza ukumbini. Ujanani huyo nyanya alikuwa mwimbishaji wa vugo, ile ngoma ya kina mama ya kugonga pembe za nyati, na watu walikuwa wakimwita kutoka upande wa pili wa kisiwa. Lakini sisi vijana tulikuwa hatujawahi kumsikia. Katikati ya kupamba alimpokonya binti mmoja pembe, akaanza kuimba. Mimi nilikuwapo siku hiyo, nimemshikia mama mdogo taa. Sauti yake ilikuwa imepasuka, lakini alijua mahali pa kuipeleka. Ukumbi mzima ulinyamaza, halafu ukamwitikia.

Siku kumi na tatu baadaye alifariki.

Ilipopita hitima, mama wa bibi harusi alikuja kwetu. Mama mdogo alikuwa jikoni anakaanga mahamri, akaniita nimkaribishe mgeni. Niliketi mbele yake bila ya kujua niweke wapi mikono yangu.

"Mwanangu," alisema, "picha zetu umefika wapi?"

"Bado kidogo."

"Sikuja kukusukuma. Nataka ile ya mamangu tu. Ya akiimba. Hiyo nyengine hata mwakani."

Mama mdogo akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie keshokutwa! Huyo ukimwacha atakupa siku ya Kiyama!"

Mgeni alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa akawa anakunja ncha ya mtandio wake. "Sikumwona," alisema. "Wajua hilo? Nilikuwa nyuma, nagombana na wapishi, sinia za pilau hazikutosha. Nikasikia vigelegele. Mtu akanambia, mamako anaimba, njoo. Nikasema nakuja. Nikasema, si kitu, si inapigwa picha." Akaikunjua ncha ya mtandio. "Miaka thelathini hakuimba. Tangu babangu alipofariki. Nami nilikuwa nahesabu sinia."

Nilimwahidi keshokutwa.

Kesho yake, baada ya Alasiri, niliketi kwenye kompyuta niimalize kazi ile. Picha zote za harusi ile zilikuwa kwenye diski peke yake, kwani kadi za kamera nilikwisha kuzifuta kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Asubuhi ile mama mdogo alikuwa amefua ile nguo ya diski, nami ndiye niliyeivika tena. Maua ya leso yalikuwa sawa juu na chini. Nilipoivika, diski iliingia imelala kifudifudi, nami sikujua. Nilipapasa nukta yangu nyekundu, nikaielekeza juu kama siku zote, nikasukuma. Hakikuingia. Sikugeuza. Kwa miaka miwili nukta ile haikunidanganya, nami nilikuwa nimeitia kwa mkono wangu, kwa hivyo nilidhani ni chokaa imeziba, au nguo imeng'ang'ania. Mama mdogo alikuwa akiniita nikamenye vitunguu. Nikasukuma kwa kidole gumba, nikatia nguvu.

Nilisikia sauti ndogo. Tak. Kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti.

Nilipoivua nguo niliona mdomo umezama ndani, umekwenda upande. Ulimi haupo. Nikaitikisa diski karibu na sikio, kitu kikacheza ndani yake.

Nilichomoa waya kwenye kompyuta, nikaivika diski nguo yake tena, safari hii vizuri, maandishi ya diski yakitazama juu. Sijui kwa nini niliivika. Nilikwenda jikoni nikamenya vitunguu vyote. Jioni ile umeme ulikatika kwa dakika chache, kama unavyokatika mara nyingi, na uliporudi nilimwambia mama mdogo kuwa diski haikuamka.

"Haikuamka vipi?"

"Umeme ulipokatika. Imekufa."

Mama mdogo aliulaani umeme, akawalaani waliouleta na wanaoukata, akaketi kitini ameshika kichwa. Hakuniuliza swali hata moja. Angeniuliza labda ningesema. Lakini aliniamini, na mtu akishakuamini mara moja, kurudi nyuma ni kama kupanda ngazi iliyoondolewa.

Alikwenda mwenyewe kumwambia rafiki yake. Nilimfuata nikasimama nyuma yake ukumbini kwao, karibu na mlango.

"Zote?" rafiki yake aliuliza.

"Zote, dadangu. Umeme."

"Hata ile ya mamangu?"

Mama mdogo alimshika mkono. Yule mama hakulia. Alisema, "Alhamdulillahi kwa kila hali," akatuletea maji ya ndimu, akahakikisha tumekunywa. Nilikunywa yote.

Usiku ule na siku zilizofuata niliwaza jambo moja tu. Nilijua kuwa wako mafundi wanaoweza kuifungua diski na kuunga waya mpya. Lakini mafundi wote ninaowajua kisiwani ni wanaume. Kumpelekea fundi ni kumpa amana ya watu, na kuomba ruhusa ni kukiri kwamba mdomo umevunjwa, na umeme hauvunji mdomo wa diski. Siku ya nne nikamwambia mama mdogo nakwenda kununua waya mwengine, huenda tatizo ni waya. Akasema, "Nenda, mama, jaribu." Nikaitia diski mkobani, nikashika njia ya mtaa wa Majengo.

Fundi alikuwa kijana, si mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mtu wa bara ya pwani, msalaba mdogo shingoni. Kibanda chake kilikuwa wazi mbele, redio inaimba, ukuta wote wa nyuma umening'inizwa vioo vya simu na nyaya za kila mdomo. Nilipita mbele yake mara mbili kabla ya kusimama.

"Karibu dada. Hii ya tatu sasa, nilidhani wapima barabara."

Nilimpa diski. Akaigeuza mkononi.

"Mbona imevaa leso?"

"Vumbi."

"Haya, ivue. Daktari hatibu mgonjwa na nguo zake."

Niliivua. Akaangalia mdomo kwa lenzi, akapiga mluzi. "Lo! Hapa alisukuma mwanamume."

"Ni mimi," nilisema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema ukweli, na niliusema kwa mtu nisiyemjua.

"Usijilaumu sana. Aliyeuchora mdomo huu hakuwahi kuutumia gizani. Kila wiki naletewa hizi. Mtu mzima, na shahada zake, amevunja ulimi." Akacheka. "Lakini wangetengeneza uingie upande wowote, mimi ningekula nini?"

Alisema ubao wa ndani haukupasuka. Angelehemu nyaya nne moja kwa moja, zishike kwa muda wa kunakili tu. Hapo nikamwambia asifungue kilichomo.

"Nitajuaje imepona?"

"Taa ikiwaka."

"Taa huwaka hata ikiwa imekufa. Kuna nini ndani, dada? Siri za serikali?"

"Harusi."

"Harusi si ya watu wote?"

"Ya wanawake."

Akaniangalia, kisha akaangalia chini. "Ahaa. Ya kupamba." Akapunguza redio. "Basi hivi. Mimi nalehemu. Kioo nakigeuzia kwako. Wewe ndiye utakayebonyeza, mimi nitatazama ukuta. Sawa?"

Nilisema sawa. Alifanya kazi kwa utulivu, pumzi ameibana, moshi mwembamba wa risasi ya kulehemu unapanda. Alipomaliza akachomeka ule upande wa pili kwenye kompyuta yake, akageuka kuchukua kiti anipishe. Lakini kompyuta yake haikungoja. Ilikuwa imezoeshwa kufungua kila kinachochomekwa. Kioo kilikuwa bado kimemtazama yeye, na juu yake, kioo kizima, akatokea bibi harusi wetu. Nywele zake zilikuwa mgongoni na asumini zimepangwa kama shanga, mikono wazi mpaka mabegani, amekitupa kichwa nyuma anacheka.

Sikufikiri. Niliuvuta mtandio wangu kichwani nikautupa juu ya kioo. Nikabaki kichwa wazi, Majengo, saa nne ya asubuhi, kibanda kimefunguliwa barabarani. Fundi aligeukia ukuta kwa haraka, akagonga kiti kikaanguka.

"Jifunike, dada," alisema kwa ukuta. "Jifunike, sitazami."

Nilijifunika kwa mkoba na kiganja, kisha nikakigeuza kioo, nikautoa mtandio nikajitanda. Nikaanza kuinakili harusi ile kwenye flashi niliyokuja nayo mkobani. Nyaya zake zilikuwa hazikushika vizuri, zikijitingisha kidogo tu kazi inakatika, ikabidi azishike kwa koleo ndogo muda wote. Alikaa hivyo karibu saa nzima, uso ukutani, mkono mmoja nyuma yake umeshika koleo, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Wateja walikuja wawili, akawajibu bila ya kugeuka. Mmoja alimwuliza kama amegombana na mkewe.

Ilipofika ile ya nyanya nilitaka kuhakikisha imepona. Niliifungua kwa sauti ndogo. Ile sauti iliyopasuka ikatoka ndani ya kompyuta yake, na pembe zikagongwa, na kina mama wakaitikia. Fundi aliinua kichwa chake kwa ukuta.

"Ni nani huyo?"

"Ameshafariki."

"Mungu amlaze pema," alisema. Koleo haikutikisika mpaka wimbo ukaisha.

Hakutaka kunitoza zaidi ya risasi aliyotumia. Nilipokuwa natoka, nimeanza kuamini kuwa labda hakuona kitu, alisema kwa wema, kama mtu anayetuma salamu: "Mwambie bibi harusi hongera. Yale maua ya nywele yamempendeza."

Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani. Mama mdogo nilimwambia kuwa ilikuwa waya tu, nimenunua mwengine, diski imeamka. Aliruka, akanibusu, akazitupa nyaya zote za kopo la biskuti jaani, akisema nyaya hizi ni watoto wa shetani. Niliubebesha waya dhambi yangu, na waya hauna mdomo wa kujitetea.

Jioni nilikwenda na kompyuta kwa mama wa bibi harusi. Mama mdogo alitaka kuja, nikamwomba aniache niende peke yangu, akashangaa, kwa sababu sijawahi kuomba jambo kama hilo. Yule mama alifunga mlango wa chumba, tukaketi kitandani. Nilimfungulia. Alipomwona mamake anaipokonya ile pembe, aliweka mkono mdomoni. Akatazama mpaka mwisho. Kisha, bila ya kunigeukia, akaniuliza.

"Imetengenezwa wapi?"

Ningeweza kusema waya. Nilikuwa nimeshasema mara moja na neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini sura ya nyanya ilikuwa bado pale kwenye kioo, imesimama.

"Majengo. Kwa fundi."

"Mwanamume?"

"Naam."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaita paka.

"Ameona nini?"

"Bibi harusi. Kidogo tu, kabla sijafunika."

"Kidogo kiasi gani, mwanangu?"

"Asumini ameziona."

Alifumba macho. Nikaona bora nimalize, kwa sababu nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena maishani. Nikamwambia kuwa haukuwa umeme. Kuwa nilisukuma. Kuwa mama mdogo hajui lolote, asimlaumu. Nilisema yote kwa sauti ndogo, macho kwenye mkeka.

"Ungeniuliza," alisema, "ningekukataza."

"Najua."

"Ningesema, bora ipotee. Wallahi ningesema hivyo. Na ningekaa mpaka kufa kwangu bila ya kumwona mamangu akiimba." Akanyoosha kidole akagusa kioo, pale kwenye shavu la mamake. "Sasa nimemwona. Nifanye nini na hilo?"

Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, nilitaka anitukane, ampigie mama mdogo simu mbele yangu. Badala yake alisema, "Rudisha nyuma."

Nilirudisha. Alimtazama tena tangu mwanzo. Mara ya tatu alianza kuitikia pamoja na wale wanawake, kwa sauti ya chini, na machozi yakimtoka bila ya yeye kuyafuta. Alipotosheka aliniambia, "Binti yangu asijue. Ana mumewe, ana wakwe. Yeye ndiye aliyeonwa, lakini mimi ndiye nitakayekusamehe, kwa sababu mimi ndiye niliyefaidi. Umesikia? Si haki, najua si haki. Lakini asijue."

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimekwenda pale kuutua mzigo, nikatoka nao, ila sasa tunaubeba wawili, na mwenye mzigo wenyewe hajui kama upo.

Miezi imepita. Tumenunua diski mpya ambayo mdomo wake ni mdogo na wa mviringo, waya wake unaingia upande wowote utakao, na kila harusi naitunza mahali pawili. Ya zamani nimeificha kabatini mwangu, nyaya nne zimetoka nje kama masharubu. Bibi harusi yule hupita mtaani kwetu akija kwa mamake, na kila akiniona huinua nikabu kidogo ili nimwone anavyocheka. Mimi huangalia chini. Watu wamezoea kuwa naona haya, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani pamoja na mamake. Wifi yake anaolewa mwezi ujao, na mama mkwe wake, yaani mama wa huyo wifi, anaogopa picha, amesikia mambo ya picha za wanawake kuzagaa kwenye simu za wanaume.

"Nimemwambia asiwe na wasiwasi," alisema bibi harusi. "Nimemwambia, mimi niliwakabidhi hawa nywele zangu, na mpaka leo hakuna mwanamume aliyeziona ila mume wangu."

Mama mdogo aliweka mkono kifuani kwa fahari. "Kwetu ni amana, mwanangu."

Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani nimeshika sinia ya kahawa. Bibi harusi alinigeukia.

"Na wewe usijifiche huko. Mama huisikiliza ile sauti ya nyanya kila Ijumaa baada ya sala. Isingekuwa wewe na waya wako, tungeipata wapi? Kila nikimwona anasikiliza nakuombea dua. Mwenyezi Mungu akusitiri kama ulivyotusitiri."

Nilimtazama mamake. Alikuwa anakitazama kikombe chake, anakizungusha kwenye kisahani, kisha akaacha kukizungusha.

"Amin," nilisema.

Na mamake, sauti yake ikinifuata nyuma kidogo, akasema amin.